Jirani anataka kugeuza nyumba kuwa fleti: namna ya kufikisha maoni yako kaunti kabla ya siku 14 kwisha

Swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Kumebandikwa karatasi kwenye ukuta wa jirani, yasema fleti ghorofa tisa. Twafanyeje?" Ukimuuliza mwenye swali ameiona lini, atakwambia wiki iliyopita. Ukimuuliza amefanya nini tangu hapo, atakwambia amempigia simu mwakilishi wadi, hakupatikana, akaandika malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Hapo siku saba zimekwenda, na hakuna hata herufi moja iliyofika kwenye faili la ombi hilo kaunti.

Mwongozo huu ni wa wakaazi wa Kenya. Mifano yangu ni ya Mombasa, upande wa Nyali na Bamburi, kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini sheria ni moja kwa kaunti zote 47: Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, Na. 13 ya mwaka 2019. Kiwanja kilichopangiwa nyumba ya familia moja hakigeuki kuwa cha fleti kwa sababu mwenyewe ana pesa za kujenga. Lazima aombe kaunti ibadilishe matumizi, atangaze, na wanaoguswa wapewe nafasi ya kusema. Nafasi hiyo ni siku 14. Anayesikilizwa ni yule ambaye barua yake, yenye hoja zinazopimika, imo ndani ya faili siku hizo zinapokwisha.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kutoa maoni si lazima kuwe kupinga. Mji unakua na watu wanahitaji pa kulala. Unaweza kukubali fleti ghorofa nne na kukataa tisa, au kukubali tisa kwa sharti la mtambo wa kusafisha maji taka. Maoni ya namna hiyo mara nyingi yana nguvu kuliko "hatutaki" tupu.

Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera, tarehe na saa yake zikiwa sahihi.
- Daftari la kuandika umekwenda ofisi gani, siku gani, na umezungumza na nani.
- Nakala ya hatimiliki yako au ya mkataba wa kupanga. Mpangaji naye ni mkaazi na ana haki ya kusema. Usikubali kuambiwa haya ni ya wenye nyumba tu.
- Nakala ya kitambulisho.
- Bili zako za karibuni za maji, na risiti za bauza (lori la maji) kama wewe hununua maji.
- Asubuhi mbili za kazi za kwenda ofisini. Jambo hili halimalizwi kwa simu.

Wakili si lazima katika hatua hii.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha tangazo leo, kisha uhesabu siku.
Piga mara mbili: moja ya karibu inayosomeka kila neno, nyingine ya mbali inayoonyesha tangazo lilipo, pamoja na geti na barabara. Tazama kama tangazo linaonekana na mpita njia. Nimewahi kuonyeshwa moja lililobandikwa nyuma ya mboganvilia iliyomwagika ukutani, mpaka uinue matawi kwa mkono ndipo ulione. Picha ya namna hiyo ni ushahidi, itunze.

Siku 14 zihesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye tangazo, si siku uliyoliona wewe. Likiwa pia limetoka gazetini, tumia tarehe iliyotangulia. Andika siku ya mwisho kwa wino mwekundu, kisha jiwekee yako mwenyewe siku tatu kabla ya hiyo.

2. Soma tangazo kwa vipande.
Aghalabu litakuwa kwa Kiingereza. Tafuta mambo matano: namba ya kiwanja, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, maoni yapelekwe kwa nani, na mwisho ni lini. Namba ya kiwanja iandike kama ilivyo, pamoja na kila mstari na alama. Barua iliyokosea tarakimu moja huingia kwenye faili la kiwanja kingine, na hutajua mpaka mambo yameisha.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Kubadilisha matumizi ni kibali kimoja, ramani ya jengo kibali kingine, na leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, cha tatu. Kila kimoja kina mlango wake na muda wake. Usiseme "tutasubiri wakileta ramani." Matumizi yakishabadilishwa, anayeleta ramani ya fleti analeta kitu ambacho kiwanja tayari kinaruhusu, nawe utabaki kubishania rangi na madirisha.

3. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuliona faili.
Omba kwa maandishi, hata mistari mitatu: wewe ni nani, unakaa wapi, unataka kusoma ombi la kiwanja namba fulani. Beba nakala mbili za barua hiyo, moja ibaki kwao na moja urudi nayo ikiwa na muhuri. Ndani ya faili tafuta ripoti ya mtaalamu wa mipango aliyeajiriwa na mwombaji. Isome sehemu ya maji, maji taka na barabara kwa makini, na unakili maneno yenyewe. Ukikuta "huduma zote zinapatikana eneo hilo" na wewe hununua maji ya bauza kila Jumamosi, umekwishapata hoja yako ya kwanza.

Katiba, Ibara ya 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Lakini angalia hesabu: sheria hiyo inaipa ofisi siku 21 kukujibu, na wewe una 14. Kwa hiyo omba faili, ila usikae kulingoja. Ukinyimwa, andika maoni kwa kile ulichonacho, na ueleze humo humo kwamba uliomba faili tarehe fulani hukupewa.

4. Uliza mpango wa eneo unasemaje.
Sheria ya 2019 inamfunga waziri wa kaunti anayeamua maombi haya kufuata mipango iliyoidhinishwa. Muulize afisa maswali mawili tu: mpango ulioidhinishwa wa eneo hili ni upi, na unaruhusu nini kwenye mtaa huu? Uliza pia sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, na jumla ya sakafu inayoruhusiwa ukilinganisha na ukubwa wa kiwanja. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyotawala mazungumzo yote ndani ya ofisi ile.

Kisha fanya sachi ya kiwanja, yaani upekuzi wa rekodi zake, kwenye masjala ya ardhi. Ikiwa ni cha kukodi kutoka serikalini, mkataba wake huwa na masharti ya matumizi, na sheria inataka masharti hayo yazingatiwe.

5. Piga hesabu.
Hii ndiyo hatua ninayokuomba uipe muda kuliko zote. Mtu akisema "maji taka yatatusumbua," amesema kama kila mtu. Akileta lita, afisa atalazimika kumjibu kwa lita.

Chukua mfano: kiwanja cha nusu ekari, yaani karibu mita za mraba 2,023. Leo kina nyumba moja ya watu sita. Kinachoombwa ni ghorofa tisa, fleti nne kila ghorofa, jumla 36. Weka watu wanne kwa fleti: 144. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 14,400. Nyumba ya sasa hutumia 600.

Maji yale hayapotei. Ukichukulia asilimia 80 yanatoka kama maji machafu, ni lita 11,520 kila siku. Lori la kunyonya maji taka la lita 10,000 haliwezi kubeba hata ya siku moja. Nyumba nyingi za Nyali na Bamburi hazijaunganishwa na bomba la maji taka la umma. Zina tangi na shimo la kufyonza. Na chini yetu ni mwamba wa matumbawe, wenye mianya na vitundu. Ukichimba kisima huku unaviona kwa macho, jiwe linatoka kama sifongo. Maji ya shimo hupenya humo yakaelekea visimani. Kwa hiyo pima kwa hatua: kutoka mahali shimo la jengo jipya litakapochimbwa mpaka kisima cha karibu ni mita ngapi? Visima vingapi viko mtaani, na vinahudumia nyumba ngapi? Chora ramani kwa kalamu uiambatishe.

Nenda kwenye magari. Gari moja kwa kila fleti ni magari 36. Nafasi ya kuegesha pamoja na ya kugeuzia, kadiria mita za mraba 25 kwa gari: 900. Jengo likifunika asilimia 35 ya kiwanja, ni 708. Jumla 1,608. Zinabaki kama 415 za tangi, shimo la kufyonza, kisima, tangi la maji safi, njia ya gari la zimamoto na umbali wa kuacha kutoka ukuta wa jirani. Je, zinatosha? Waulize kwa maandishi. Na ghorofa tisa za mita 708 ni mita 6,372 za sakafu, zaidi ya mara tatu ya kiwanja chenyewe. Hapo ndipo unapolinganisha na kipimo ulichopewa katika hatua ya 4.

Makadirio yako yaite makadirio, wala usiyape sura ya kipimo rasmi. Mwombaji ana mtaalamu wake, na tarakimu moja uliyoipamba itatumiwa kuiangusha barua nzima.

6. Kutana na majirani, lakini kila mmoja aandike barua yake.
Karatasi moja yenye sahihi sitini huweza kuhesabika kama barua moja, na kila ofisi huijua mikono inayofanana. Barua kumi, kila moja na jambo lake, ni maoni kumi. Mwenye kisima aandike habari ya kisima. Mwenye watoto wanaokwenda shule kwa miguu aandike habari ya barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Bibi wa nyumba ya nyuma aandike habari ya jua na upepo utakaozibwa. Msikiti au kanisa la jirani pia lina haki ya kuandika.

Mtaani kwetu tulikosea hapa. Tulipitisha karatasi moja nyumba hadi nyumba. Kila mlango chai, kila mlango maelezo, na tulipofika nyumba ya mwisho ilikuwa siku ya kumi na saba. Sahihi tulizipata zote. Zilichelewa siku tatu.

7. Andika barua.
Ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Ibara ya 7 ya Katiba, kwa hiyo usiache kuandika eti Kiingereza kinakupiga chenga. Mtindo wake ni huu:

*Kwa: (cheo kilichotajwa kwenye tangazo)*
*KUH: Maoni juu ya ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja namba ..., lililotangazwa tarehe ...*
*Mimi ni mkaazi wa ..., mita ... kutoka kiwanja kilichotajwa, tangu mwaka ...*
*Napinga ombi hili / Naunga mkono kwa masharti yafuatayo, kwa sababu hizi:*
*1. Maji taka. (hesabu yako, umbali wa visima, picha)*
*2. Maji safi. (siku za mgao, bili, risiti za bauza)*
*3. Barabara. (upana wake uliopimwa kwa futi kamba, saa za msongamano)*
*4. Mpango wa eneo. (unaruhusu nini, kinachoombwa ni nini)*
*Naomba ombi likataliwe / lipitishwe kwa masharti haya: ...*
*Naomba kujulishwa kwa maandishi juu ya kikao chochote na uamuzi utakaotolewa.*
*Jina, sahihi, namba ya kitambulisho, simu, tarehe. Viambatisho: ...*

Mstari ule wa kuomba kujulishwa usiusahau. Unakutambulisha kama mtu mwenye maslahi katika jambo hili, na utakufaa kwenye rufaa.

Usiandike kabila wala dini ya mwombaji. Usiandike "ametoa hongo" kama huna ushahidi. Huko ni kujitafutia kesi. Usiandike kwamba wapangaji watakuwa watu wabaya. Waziri wa kaunti hupima makazi, miundombinu, mipango, maoni ya idara nyingine na maoni ya umma. Chuki haimo kwenye orodha hiyo, na humvunjia heshima hata jirani aliyeandika vizuri.

8. Ipeleke kwa mkono, upate muhuri.
Nakala mbili. Muhuri wa kupokelewa uwe na tarehe inayosomeka, na upate jina la aliyepokea. Siku hiyo hiyo tuma pia kwa barua pepe ukiambatisha picha ya ukurasa wenye muhuri. Barua uliyomwachia askari wa getini haijapokelewa.

9. Peleka nakala kwa idara zinazoombwa maoni.
Ombi kama hili kaunti hulipeleka kwa mamlaka nyingine zinazohusika, nazo hutoa maoni yao. Kampuni ya maji, wahandisi wa barabara na NEMA wapate nakala zako. Kama ni Mji wa Kale wa Mombasa, ambao ni eneo la hifadhi, ofisi ya Makavazi ya Taifa inayosimamia hifadhi hiyo nayo ipate. Afisa wa maji akikiri kwa barua kwamba bomba la mtaa wenu halitoshi, umepata msemaji mwenye uzito kuliko mtaa mzima.

10. Fuatilia kila wiki.
Kimya si ushindi. Sheria ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Kwa hiyo faili lililolala kwenye rafu linafanya kazi kwa niaba ya mwombaji. Wiki ya saba rudi ofisini na barua fupi: ombi limefika wapi?

11. Uamuzi ukitoka usiouridhia, kata rufaa ndani ya siku 14.
Mwombaji na mtu mwenye maslahi wote wana haki ya kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Baada ya hapo ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usiruke ngazi. Mahakama za Kenya zimewarudisha wengi kwa sababu moja tu, kwamba hawakupita kwanza kwenye chombo kilichowekwa na sheria. Hapa sasa wakili anafaa, na mtaa ukichanga pamoja gharama huwa nyepesi.

Mambo yakikwama

*Tangazo limeondolewa ukutani.* Ndiyo maana ya picha ya siku ya kwanza. Kama hukupiga, uliza majirani. Mara nyingi yuko mmoja aliyelituma kwenye kundi la mtaa. Pekua pia magazeti ya wiki zile maktaba.

*Wamekataa kupiga muhuri.* Tuma kwa posta ya rejista na kwa barua pepe siku hiyo hiyo, na uandike kwenye daftari saa, dirisha na uliyoambiwa.

*Siku 14 zimepita.* Peleka hata hivyo, ukieleza kwa nini umechelewa, hasa kama tangazo halikuonekana. Kaunti hailazimiki kuipa uzito ule ule, lakini uamuzi ukiwa bado, inaweza kusomwa. Halafu elekeza nguvu kwenye kibali cha NEMA, ambacho kina nafasi yake ya maoni. Leseni ya mazingira ikitolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal).

*Mwombaji anawaita majirani mmoja mmoja "tuzungumze."* Zungumzeni, lakini pamoja, na mtu aandike. Akiahidi kuchimba kisima cha mtaa au kuweka mtambo wa maji taka, mwambieni aitie ahadi hiyo kwenye ombi lake ili iwe sharti la kibali. Ahadi ya barazani haimfungi atakayenunua kiwanja kutoka kwake mwakani.

*Jirani ameondoa sahihi yake.* Msigombane naye. Ndiyo faida ya barua mbalimbali, yake ikitoka, zenu zimebaki.

*Matingatinga yameingia na hakuna uamuzi.* Ujenzi bila kibali ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Piga picha kila asubuhi kutoka mahali pamoja, ukionyesha ubao wa mradi kama upo, na namba za vibali vilivyoandikwa humo. Andikia kaunti uombe itoe notisi ya kusimamisha kazi, ukiambatisha picha tatu za siku tatu mbalimbali. Na ingieni ofisini watu watatu, si thelathini: mmoja aongee, mmoja aandike, mmoja ashike nakala ya muhuri.